Nilijua nakwenda kuendesha baiskeli Pugu, kumbe nakwenda kulima

Tangazo lilisema hivi: baiskeli milimani Pugu, Jumamosi, elfu 25, humo kuna kubebewa baiskeli, uji, chakula cha mchana na "shughuli ya njia". Kwa akili ya kawaida shughuli ya njia ni mambo ya picha na video, si mnajua vikundi vya mjini vilivyo. Kumbe ni jembe. Yaani jembe lenyewe la mpini mbichi, nakabidhiwa saa tatu asubuhi nikiwa nimevaa kaptura ya kubana na miwani ya jua.

Tulikutana Tazara, hapa Dar, alfajiri. Baiskeli zikapakiwa kwenye kirikuu zimelaliana, ya kwangu (ya binamu yangu kwa kweli, mtumba wa Japani, gia saba ila zinazoingia ni tatu) ikawekwa chini kabisa, halafu sisi wenyewe tukaambiwa tupande daladala la Gongo la Mboto kwa nauli zetu. Sasa kumbe kilicholipiwa usafiri ni baiskeli, mwenye baiskeli ajijue. Nikasimama toka Vingunguti mpaka mwisho wa gari na helmeti mkononi, kuna mama akaniuliza kama nauza.

Pugu Kajiungeni tukazishusha tukaanza kupanda. Hivi vilima havifiki hata mita 400 toka usawa wa bahari, mtu wa Moshi atavicheka, lakini mi ni mtu wa Kigogo, mlima mkubwa niliowahi kuupanda kwa baiskeli ni flaiova ya Tazara. Tulipofika karibu na ile shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla hajaacha ualimu 1955 kuingia siasa moja kwa moja, nikasema jamani tusimame hapa ni sehemu ya historia. Hakuna aliyesimama. Wakajua tu nataka kupumua.

Tukaacha lami tukaingia njia ya miguu, mikorosho huku, mihogo kule. Ndani kabisa ya hifadhi ya msitu hatukuingia, kule huingii kienyeji, kuna kiingilio, na kiingilio hakikuwemo kwenye elfu 25 (mnaona mchezo huo). Ila hata hapo pembeni palikuwa pazuri, kivuli, hewa ya ubaridi, nikaanza kusahau nauli. Njia ikaanza kushuka, nikasema haya sasa ndo nilichofuata. Tukaambiwa simameni.

Kirikuu kilikuwa kimezunguka kwa njia ya gari na kinashusha majembe, machepe, sururu moja, reki na toroli.

Kiongozi wetu ni dada mmoja, Jumatatu mpaka Ijumaa ni mhasibu. Akatupeleka pale njia ilipochimbika katikati, korongo la kina cha goti, mizizi ya mkorosho iko nje inaning'inia. Akauliza, hili limechimbwa na nini? Kijana mmoja mwenye baiskeli ya bei mbaya, breki za diski na kila kitu, akajibu baiskeli. Dada akasema baiskeli zimesaidia tu, aliyechimba ni maji. Njia ikishuka moja kwa moja na mteremko maji yanaifanya mfereji wao. Halafu ukija wewe unakaba breki ya nyuma mpaka tairi linaburuza, unalegeza udongo, mvua inayofuata inaubeba. Ukipita kwenye tope ndo mbaya zaidi, kila tairi linaacha mtaro wake. Kwa hiyo kazi ni kuyatoa maji njiani mapema kabla hayajapata kasi, unaweka tuta la mshazari, unafungua mtaro wa kuyatolea pembeni, na njia yenyewe unailaza kidogo upande wa bondeni ili mvua ivuke iende zake. Tuta ukiliweka limekatiza moja kwa moja bila mshazari, maji yanajaa nyuma yake kisha yanalipasua. Na pakiwa na nafasi, njia inahamishwa ikate kilima ubavuni, na mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, ukizidi hapo maji yanaacha kuvuka yanaifuata njia.

Nikauliza, sa nani anawalipa? Watu wakacheka. Hakuna anayelipwa, hiyo elfu 25 yenyewe nusu inakwenda kwenye majembe na mafuta ya kirikuu. Dada akatupa na habari za huko mchezo huu ulikotokea, California, Mlima Tamalpais, miaka ya 1970, vijana wanashuka na mabaiskeli mazito ya zamani ya breki ya kukanyaga nyuma, tunazijua wote hizo, breki inapata moto mpaka grisi inaungua, ukifika chini lazima ufungue uweke grisi nyingine. Mashindano yao ya mteremko yaliyoanza 1976 yakaitwa Repack, yaani kujaza upya, kwa ajili ya hiyo kazi ya grisi. Watu wakawa wengi, wapanda farasi na watembeao kwa miguu wakalalamika, njia zikaanza kufungwa kwa baiskeli, ndo 1988 vilabu vikaungana vikaanzisha IMBA, umoja wa kimataifa wa waendesha baiskeli za milimani, na kujitolea kutengeneza njia ikawa sehemu ya kazi zao mpaka leo. Akasema na sisi hapa siku moja wenyeji watachoka na kelele zetu, bora watukute tumeshika jembe. Haikupita hata saa nzima.

Tulikuwa tumeshamaliza mtaro wa kwanza, mzuri, tunapiga picha, mara kengele. Ngirining'iri. Anashuka mzee kwenye Phoenix, baragashia kichwani, kandambili miguuni, dumu mbili za maji kwenye karia zimefungwa na mpira, gia hana, helmeti hana, anashuka ule mteremko ambao sisi tulikuwa tumeuogopa anaongea na simu ya kitochi. Akafika kwenye tuta letu akasimama. Akamwambia wa kwenye simu subiri kwanza.

Tukamwamkia wote, shikamoo mzee, marahaba wanangu, habari za mjini, nzuri. Akaegemeza baiskeli. Akautazama mtaro muda mrefu bila kusema, akaufuata mpaka unapoishia, akarudi. Akauliza, nani mkubwa wenu? Dada akajitokeza akapiga goti kidogo. Mzee akasema mwanangu, hiki ni nini? Dada akaeleza vizuri tu, kwamba tunatoa maji njiani, njia isife. Mzee akasema eheee, njia isife. Na mihogo?

Huko mtaro unakoishia kulikuwa na majani marefu, sisi tulijua ni pori. Nyuma ya majani hatua kama kumi kuna matuta ya mihogo, michanga, ndo kwanza imetoa majani.

Yule kijana wa breki za diski badala anyamaze akasema mzee usiwe na wasiwasi, hii ni kitaalamu, maji yatasambaa yenyewe kwenye majani. Jamani. Mzee hakukasirika, na hiyo ndo ilinitisha. Akasema, haya, tuyaulize maji. Akanyoosha mkono nipeni maji yenu. Sikujua kwa nini aliniangalia mimi. Nilikuwa na chupa mbili kubwa nilizonunua pale juu, genge moja hivi, ambazo mjini ni buku na mimi niliuziwa kwa buku mbili kila moja kwa sababu ya helmeti. Nikasema mzee si una dumu mbili hapo? Akasema haya yametoka kisimani, yana kazi. Watu wote wananiangalia. Nikatoa.

Akamimina taratibu kabisa juu ya tuta, chupa ya kwanza yote. Maji yakaufuata mtaro wetu wa kitaalamu, yakaingia kwenye majani, tukadhani yameishia hapo, kijana akaanza kutabasamu. Mzee akamimina ya pili, haraka safari hii. Yakapita kwenye majani yakatokea upande wa pili yakaingia kwenye tuta la kwanza la mihogo, membamba lakini yameingia, mche mmoja ukalala. Shilingi 4,000 zangu zimelala pale na mche wa mzee.

Akasema hizo ni chupa mbili. Masika ni chupa ngapi?

Basi ndo tukakaa chini. Nadhani saa nzima tulikaa, mpaka uji ukapoa. Mzee akatueleza kwamba njia hiyo marehemu baba yake aliipita kwenda kuuza makuti, na enzi hizo ilikuwa inapinda pale kwenye mwembe, inazunguka, haishuki kama sasa. Aliyeinyoosha nani? Bodaboda wanaokimbiza abiria, wachoma mkaa wanaokimbia askari wa misitu, na nyie, akasema, nyie mnaokuja Jumamosi mmevaa nguo za kuogelea. Nikavuta kaptura chini. Akasema mvua za elnino, 97 kuingia 98, maji yote ya kilima hiki yalikwenda kushoto, kwenye kile kibonde chenye magugu, huku kulia hayakugusa, kwa hiyo maji yana njia yake ya zamani na sisi tumeyapa anwani mpya bila kuyauliza.

Dada akauliza babu, ukitushauri? (Kutoka mzee amehamia babu, mjanja sana huyu dada.) Mzee akachukua sururu, akapanda juu hatua kama ishirini, akachora mstari na kisigino. Hapa. Toeni hapa, upande wa kushoto, halafu njia iirudisheni kwenye mwembe ipinde kama zamani. Dada akapima kwa jicho, akaweka simu chini ina programu ya kupimia mwinuko, akanong'ona kwamba pale kwenye mwembe mwinuko ni chini ya nusu kabisa. Hakuna aliyemwambia mzee hiyo habari ya nusu, angetuuliza tuliisomea miaka mingapi.

Tukafukia mtaro wetu mzuri. Tukachimba mwingine. Mche ule mzee akausimamisha mwenyewe akaukandamiza na kisigino, hakudai fidia, mi nilikuwa nimeshajiandaa maana kwetu hapo lazima angeitwa mjumbe. Akapanda Phoenix yake na zile dumu, akalivuka tuta jipya bila hata kupunguza mwendo, tukasikia anaendelea na simu, haloo, ehe, kuna vijana hapa wamenichelewesha.

Kuendesha kwenyewe, mliokuwa mnasubiri, dakika chache tu za kushuka. Raha, siwezi kukataa, ila kwenye ile kona ya mwembe nilijibamiza, gia ya nyuma ikapinda, nikamalizia kwa kusukuma. Chakula cha mchana wali maharage, nyama hakuna, na ukitaka soda unalipa. Nikanunua na maji mengine, buku mbili.

Kilichonikaa kichwani mpaka sasa ni swali la dada wakati tunakula. Kaniuliza nakaa wapi, nikamwambia Kigogo, karibu na mto. Akacheka akasema basi leo umechimba kwenu. Maana Msimbazi unaanzia huku huku vilima vya Pugu, na udongo unaobebwa na mvua huku juu ndo mchanga unaojaza mto kule chini, Kigogo, Jangwani, mpaka unakoingia baharini pale Salenda. Mi kila masika natoa tope ndani kwa chepe, nahamisha friji juu ya matofali, nalaumu mvua, nalaumu wanaotupa takataka, sijawahi kufikiria kwamba kuna kilima chenye korongo la kina cha goti na ule udongo haukupotea, ulikuja kwangu.

Na hapo kwetu kuna mtaro nyuma ya nyumba umeziba muda mrefu tu. Tunauruka. Wamama wanauruka na ndoo kichwani, watoto wameweka ubao wanapita. Kila mtu anasema serikali ya mtaa, mwenyekiti anasema manispaa. Akitokea mtu Jumamosi na chepe lake akaanza kuzibua, naapa swali la kwanza atakaloulizwa ni anagombea nini, la pili nani anamlipa. Huku Pugu watu wametoka Mbezi na Tabata, wametoa hela, wanachimba njia isiyofika hata kwao. Sijui wana nini. Nimemtumia dada meseji kama kikundi kinaweza kuazimisha yale machepe katikati ya wiki, kasema yapo, ila nauli ya kirikuu juu yangu.

Wanaotaka kwenda wajue safari ijayo ni baada ya masika, kwenye tope hawapandi kabisa hata ulipe. Chukua glovu zako, chukua maji mjini, kaptura vaa ndefu. Mi kwanza nina kesi na binamu, kaikagua baiskeli kaona gia imepinda anataka elfu 15, na fundi wa Buguruni niliyemuuliza kasema elfu 8 pamoja na cheni.