Pembe ya Wanchun imekubali

Imekubali! Jana saa saba usiku nilibandika upau wa mwisho wa pembe ya kusini-mashariki ya mfano wangu mdogo wa banda la Wanchun, nikaondoa mkono, na haikushuka. Nimeipiga picha kama mtoto mchanga.

Kwa waliosahau: ni lile banda la mapaa matatu lililo kileleni Jingshan, Beijing. Kilima chenyewe ni udongo uliochimbwa kwenye handaki la maji la ikulu enzi za mfalme Yongle. Karne ya 18 mfalme Qianlong akaweka mabanda matano juu yake, na hili la katikati likakaa mstari mmoja na malango ya ikulu, yote unayaona chini yako upande wa kusini. Nguzo hazikunisumbua: 20 nje, 12 ndani, vijiti vya mishikaki, jioni mbili basi.

Balaa ni pembe. Mapaa matatu, pembe nne kila moja, na zote sharti zibenuke. Wiki tatu nimekunja boriti ya pembeni kwa mvuke wa birika. Inapinda, ikikauka inajirudi, na pau zinabaki chini yake kama meno ya kibogoyo. Nne nimetupa. Ya tano niliivunja kwa hasira, sifichi.

Kumbe boriti haina kosa. Ni nene kuliko pau, ndiyo maana mafundi wa enzi za ufalme wa Qing walilaza kabari ndefu ya pembetatu juu ya mtambaapanya wa nje, ile boriti inayobeba pau: kila upau unaokaribia pembe unapanda kidogo kumzidi jirani yake, hadi ulingane na mgongo wa boriti. Kanuni yao ni pembe itoke nje vipenyo 3 vya upau, ipande vipenyo 4. Upau wangu ni kijiti cha meno, milimita 2. Basi 6 nje, 8 juu. Hesabu ya darasa la tatu, nami nahangaika na birika!

Na mnaonishauri bunduki ya gundi ya moto, msinitajie tena. Inaacha nyuzi kama buibui, na ikishapoa hurekebishi kitu. Gundi nyeupe ya seremala na vibanio vya nguo, ukalale.

Wiki hii ilikuwa ya kupaka vigae, manjano na ukingo wa kijani. Ila bado pembe 11, yaani kabari 22, mbili kila pembe, za kuchonga kwa wembe, na jana nikitazama picha za kilima nikakumbuka mabanda mawili ya mwisho huku na huku, yale ya vigae vya buluu. Ni ya duara. Duara halina pembe.

Kadibodi nimeshaikata.