Kiti cha kukunja kwa gemu za mbio za magari

Futikamba kwanza, bei baadaye. Nilipima nafasi ninayohitaji nikiwa nimeketi: kutoka mgongoni hadi nyayo, miguu ikiwa imenyooka kama ya mtu anayekanyaga breki, nilipata mita 1.3, upana sentimita 60. Skrini ya inchi 27 nayo inataka kukaa sentimita 60 au 70 kutoka machoni. Ikiwa mbali zaidi, kona unaziona zimeshafika.

Usukani wangu wa gemu ni Logitech G29, ambao mota yake husukuma mikono kupitia gia kwa nguvu ya nyutoni-mita 2 hivi, kwa hiyo hauhitaji fremu nzito. Kwa usukani wenye nguvu zaidi, kama Fanatec CSL DD wa nyutoni-mita 5, nisingenunua kitu cha kukunja.

Kilichoamua mambo ni breki. Ndani ya pedali ya katikati ya G29 kuna mpira mgumu, lazima ukanyage kweli. Nilijaribu stendi ya usukani na kiti cha ofisini: kila breki, kiti kinarudi nyuma. Nikayang'oa magurudumu yote matano (yanachomoka kwa mkono), kikatulia, ila egemeo likawa linalala. Mkanda wa kufungia mizigo, kutoka mguu wa stendi hadi shina la kiti, unasaidia, lakini kuufunga na kuufungua kila jioni ni kero.

Ndiyo maana nikachukua kiti cha kitambaa cha kukunja. Kiti na pedali viko kwenye fremu moja, hivyo msukumo wa mguu unaishia kwenye mgongo wako mwenyewe. Udhaifu wake ni pedali kushikwa kwa mikanda ya kunata, ambayo baada ya muda huteleza. Nilitoboa bamba la kiti linalobeba pedali matundu mawili ya milimita 6.5, nikafunga pedali kwa bolti za M6 (unene milimita 6) kutokea chini na washa pana. Bolti ikiwa ndefu mno inagota ndani kabla haijabana, na pedali inabaki ikicheza.

Usikaze chochote kabla hujaketi. Mgongo ukiwa umegusa kiti, nyoosha mkono: kiwiko cha mkono, pale saa inapovaliwa, kilalie juu ya usukani bila bega kunyanyuka. Goti libaki limepinda kidogo hata breki ikifika mwisho. Hapo ndipo ukaze.

Waya wa pedali uachie ulegevu penye bawaba. Wangu ulibanwa mara ya kwanza tu nilipokunja, plastiki ikachubuka.