Mayai mabichi hayakunisaidia: nilivyoanza kulipwa kwa tamthilia za muziki Nairobi

Niliposema nataka kulipwa kwa kuimba, kucheza na kuigiza kwa mpigo, kila mtu alikuwa na lake. Mjomba: tafuta kazi kwanza. Mwalimu wa kwaya: wacha kucheza, utaharibu sauti. Jirani ndiye aliyewashinda wote. Aliapa kwamba mayai mawili mabichi alfajiri hulainisha koo, nikayameza. Kwenye odisheni, yaani usaili wa waigizaji, nilipofika noti ya juu kabisa, ilitangulia harufu ya yai, ikafuata mbweu, sauti haikuja kabisa. Mpiga kinanda aliinamia vibonye, mabega yakimtikisika. Wakasema asante, tutakupigia. Hawajapiga mpaka leo.

Jamani, chakula hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Kikipita huko, umepaliwa! Maji yanasaidia, ila uyanywe mapema, si chupa nzima mlangoni. Kinachozifikia nyuzi zenyewe ni mvuke.

Shule yangu ilikuwa maigizo ya vitabu teule, vile vinavyotahiniwa shuleni, kazi ambayo wenzangu wengi waliidharau. Tulizunguka shule za upili kwa matatu ya kukodi tukiwaigizia watahiniwa. Malipo yalikuwa elfu moja na kitu kwa onyesho, siku nyingine chai na mkate. Lakini uwe mama mkwe, polisi na mzee wa kijiji kabla ya chakula cha mchana, bila maikrofoni, ndani ya bwalo la mabati kule Kakamega, mvua ikinyesha! Sauti itajipata yenyewe.

Kuimba huku nikicheza ndiko kulikonitesa. Naishi ghorofa ya tano, lifti hakuna, na maji hupotea kila mara. Basi nikawa napanda na mtungi wa lita 20 nikiuimba wimbo wa odisheni mwanzo hadi mwisho. Nikikata mstari katikati kutafuta pumzi, narudi chini na mtungi wangu. Kiitikio kilikuwa kinanikuta ghorofa ya tatu, pale pale penye ngazi iliyovunjika. Watoto wa hapo waliushika wimbo kunishinda, mmoja akawa ananisahihisha maneno kupitia dirishani. Odisheni iliyofuata, tulipoambiwa turudie hatua tukiimba, wenzangu walihema kweli. Mimi mikono mitupu, niliona ni likizo.

Nilichukuliwa kwenye kundi la waitikiaji, na pia mbadala wa mhusika mmoja mkubwa, yaani anayeshika nafasi hiyo mwenyewe akikosa. Wengine hukataa umbadala. Ukubali, hasa Julai, baridi ya Nairobi inapoangusha watu kwa mafua. Mimi nilipanda jukwaani hivyo hivyo.

Ila uliza kama mazoezi yanalipwa. Yangu hayakulipwa; nauli ilitoka kwenye harusi nilizoimba Jumamosi. Na muziki wa ala tupu wa wimbo wako uwe umeupakua kwenye simu, kwa ufunguo (kimo cha sauti) wa kawaida na mwingine wa chini kwa sauti ya asubuhi. Kisha weka simu kwenye hali ya ndege, isipokee simu. Kijana aliyenitangulia alipigiwa na mamake katikati ya kiitikio, spika zote zikaita.