Lutu, Mtoto wa Marehemu Harani

Masomo: Mwanzo 13:1–13, 14:12–16, 19:27–30

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili nimekaa na Lutu. Tukimtaja kanisani huwa tunakimbilia Sodoma na mke aliyegeuka nguzo ya chumvi, na habari zake za mwanzo tunazipita tu. Mwanzo 11:28 inatuambia kwamba baba yake, Harani, alifia Uru wa Wakaldayo wakati Tera, baba mzazi wa huyo Harani, angali hai. Babu akafunga safari ya Kanaani na mjukuu wake, lakini wakaishia njiani, na mzee akafia huko. Lutu akabaki mikononi mwa ami yake Ibrahimu, ambaye siku hizo bado anaitwa Abramu, mtu wa miaka 75 asiye na mtoto.

Wengi wetu tunajua jambo hili linavyokuwa. Matanga yameanuliwa, wageni wanaaga, wazee wamebaki mkekani na swali linaulizwa: hawa watoto wanakwenda na nani? Huyu kwa shangazi, yule kwa baba mdogo, kitinda mimba abaki na bibi. Mtoto mwenyewe amekaa karibu na mlango, mfuko wa nguo magotini, anasikia jina lake likitajwa na hajui atalala wapi kesho. Lutu alimfuata ami yake, na maisha yake yakawa ya hema na mifugo, ya kuhama kila malisho yanapokwisha.

Sasa soma 13:5 polepole. Lutu naye alikuwa na kondoo, ng'ombe na hema. Yatima huyu amekua na ana mali inayoitwa yake! Ninyi mliolelewa vijijini mnajua ng'ombe wa marehemu huishia wapi. Mmoja ameuzwa kwa ajili ya ada, mwingine kwa matumizi ya nyumbani, na kijana akifika umri wa kuoa anaambiwa zizi lilikwisha zamani. Chini ya Ibrahimu mifugo ya Lutu iliongezeka hadi nchi haikuwatosha wote wawili, na wachungaji wa pande mbili wakaanza kugombana.

Ibrahimu ndiye mkubwa, ndiye mlezi, na ndiye aliyeahidiwa nchi ile na Mungu. Angeweza kuonyesha kwa fimbo tu: wewe kaa kule. Badala yake anamwambia kijana achague kwanza; akienda kushoto, yeye atakwenda kulia. Lutu akainua macho, akaona bonde lote la Yordani lina maji, akalichukua lote. Ibrahimu hakusema, "Mimi niliyekulea?" Maneno hayo mawili yamebomoa nyumba nyingi kuliko njaa. Husemwa kwenye kikao cha harusi, husemwa kwenye mirathi, na mtoto aliyelelewa huyasikia hata yasiposemwa, kwa jinsi anavyotazamwa akiongeza ugali.

Tena malezi ya Ibrahimu hayakukoma pale walipoachana. Wafalme wanne walipoipiga Sodoma, mji wa bonde lile alikokwenda kukaa Lutu, wakamchukua yeye na mali yake. Mtu mmoja aliyeponyoka akaleta habari kwenye mialoni ya Mamre, huko Hebroni. Mzee huyu akawatoa watu 318 waliozaliwa nyumbani mwake, akawafuata adui hadi Dani, karibu kilomita 200 kuelekea kaskazini, akawapiga usiku, akawafukuza mpaka Hoba, ng'ambo ya Dameski. Akamrudisha Lutu na mali yake yote. Na hapo pia hakuna neno la kumkumbusha lile bonde alilojichagulia. Baadaye akasimama mbele za Bwana akiuombea mji ule ule, akishuka kutoka wenye haki 50 hadi 10. Sijui mlezi mwingine katika Maandiko aliyejitoa kiasi hiki kwa mtoto wa ndugu yake.

Ndiyo maana sura ya 19 inaniuma. Asubuhi Ibrahimu anaamka mapema, anakwenda mahali alipokuwa amesimama mbele za Bwana, anatazama chini na kuona moshi kama wa tanuru. Kijana aliyemlea alikuwa kule. Sisi wasomaji tunaambiwa katika mstari wa 29 kwamba Mungu alimkumbuka Ibrahimu, akamtoa Lutu. Lakini Lutu mwenyewe anapoogopa kukaa Soari, mji mdogo aliokimbilia, hapandi kwenda kwa ami yake. Anapanda mlimani na binti zake wawili, anakaa pangoni, na yaliyotokea huko mnayajua. Hema la Ibrahimu lilikuwepo, na mwenye hema alikuwa ameshamfuata mara moja hadi ng'ambo ya Dameski. Nadhani aliona aibu. Alikuwa ameondoka tajiri; angerudije mikono mitupu?

Nawaambia ndugu zangu mliolelewa na shangazi, na bibi, na mjomba, mkaondoka kwenda mjini na mambo yakaharibika: aibu hiyo naifahamu ilivyo nzito. Unaacha kupiga simu Krismasi moja, kisha ya pili, na mwisho hata msiba unausikia kwa watu. Nendeni hata bila zawadi. Kilo mbili za sukari zinaweza kusubiri safari nyingine. Bibi aliyekubeba mgongoni hatakuuliza lile bonde limeishia wapi, na akikuuliza, mjibu, kisha ukae naye jikoni.

Ukoo wa Lutu haukusahauliwa. Wana wa Israeli walipopita njiani kuelekea Kanaani, Mungu aliwakataza kuwasumbua Wamoabu, uzao wa Moabu ambaye binti mkubwa wa Lutu alimzaa kwa baba yake baada ya yale ya pangoni, kwa kuwa nchi ile aliwapa wana wa Lutu (Kumbukumbu la Torati 2:9). Na miaka mingi baadaye mwanamke mmoja Mmoabu, mjane, alimfuata mama mkwe wake hadi Bethlehemu, akaokota masazo katika shamba la jamaa wa marehemu mumewe. Ruthu huyo yumo katika Mathayo 1:5, kwenye ukoo wa Bwana wetu. Mtoto wa pango amerudi nyumbani kwa Ibrahimu, na amepewa nafasi ya mzaliwa.

Tuombe. Baba, wabariki wote wanaolea watoto wasiowazaa, uwape unga, ada na uvumilivu. Wape moyo wa kwenda wale wanaoona haya kurudi kwa waliowalea. Katika jina la Yesu. Amina.