Niliwafungia nyuki nje

Banda langu la matango liko nyuma ya jiko, Kibaha, mita 5 kwa 10. Nguzo ni mirunda, kuta ni neti nyeupe yenye vitundu vidogo kiasi kwamba hata inzi mweupe hapenyi, na paa ni nailoni ya kitalu nyumba. Fundi alimaliza kwa siku nne. Mimi mkopo wa SACCOS ya walimu bado naumalizia, maana jumla ilifika milioni 2 na laki 6. Siku alipofunga zipu ya mlango nilisimama katikati ya matuta manne nikajiona mkulima wa Uholanzi.

Hiyo furaha haikufika wiki. Nilitundika kipimajoto ndani, saa 8 mchana kikasoma nyuzi 43. Mabanda ya nailoni yanawafaa watu wa Lushoto na Arusha ambako usiku kuna baridi. Huku Pwani joto hatulitafuti, linatutafuta lenyewe. Ikabidi fundi arudi, akakata mwanya wa nusu mita chini ya paa pande zote mbili, akauziba kwa neti ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Joto likashuka mpaka 36, siku mbaya 37. Tango hufurahi zaidi kati ya nyuzi 24 na 30, kwa hiyo bado nilikuwa juu, ila si kama tanuri la mkaa.

Mbegu nilinunua duka la pembejeo. Niliomba "tango chotara, ile nzuri." Muuzaji akanipa pakiti yenye picha ya tango la kijani lililonyooka kama rula, imeandikwa F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza, na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ipo. Hakuniuliza napanda wapi, na mimi sikumwambia. Pakiti ilikuwa halali na mbegu zilikuwa nzima kabisa. Nasema hivi kwa sababu miezi miwili baadaye nilikuwa nawaambia watu nimeuziwa mbegu feki, na haikuwa kweli.

Niliotesha kwenye trei, punje moja kila tundu. Siku ya nne zilikuwa zimechomoza. Trei moja iliondoka na kinyausi, miche ikawa inaanguka shingo kama imekatwa na uzi, kwa kuwa nilikuwa namwagilia jioni na udongo ukilala umelowa. Nikahamishia umwagiliaji asubuhi, miche iliyobaki ikasimama. Siku ya 18, miche ikiwa na majani matatu ya kweli, niliihamishia kwenye matuta, sentimita 35 hivi kati ya mche na mche, kila shimo na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza vizuri. Miche 100 hivi, matuta manne.

Kamba za kupandishia nilitumia za katani. Jirani mmoja alinishauri manila kwa kuwa inadumu misimu mingi, lakini manila inateleza, na shina likishakuwa zito linashuka lenyewe usiku. Katani ina vinyweleo, shina linashika. Halafu msimu ukiisha unakata kila kitu pamoja, kamba na mabua, unatupa kwenye shimo la mboji, vyote vinaoza.

Mpaka wiki ya tano shamba lilikuwa la kupiga picha, na nilipiga. Maua ya njano kila mahali. Baadaye nikagundua yale ya mwanzo yote ni madume. Ua jike unalijua kwa kitango kidogo kilicho nyuma yake, kama njiti ya kiberiti yenye miiba laini. Majike yalipoanza kutoka nilihesabu 40 kwa asubuhi moja nikaanza kupiga hesabu ya mkopo. Baada ya siku tatu yale matango ya njiti yakawa ya njano, yakasinyaa, yakadondoka. Yaliyofuata yakafanya hivyohivyo. Nikaongeza mbolea ya CAN, majani yakawa mapana kama masikio ya tembo na matango yakaendelea kudondoka. Nikanunua busta, mbolea ya kupuliza kwenye majani. Majani yakang'aa.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yangu, mtu wa makamo ya baba yangu, ambaye analima matango ya Ashley kando ya uzio wake bila kitalu wala neti. Ashley si chotara. Ni aina ya zamani iliyotokea South Carolina, Marekani, na mbegu zake mzee anazikausha mwenyewe juu ya bati. Aliingia bandani, nikamwamkia, akaitikia huku macho yakiwa juu, anaangalia maua. Akakaa kimya muda mrefu.

"Mwalimu, mbona kumetulia hivi?"

"Kumetulia vipi, mzee wangu?"

"Kwangu saa hizi kuna kelele. Nyuki. Wewe umewafungia nje, halafu unashangaa matango hayazai?"

Nilicheka kwa adabu tu, lakini alipoondoka nilikwenda kuitafuta pakiti kwenye droo. Bibi shamba wa kata alipopita kesho yake aliigeuza, akanionyesha kwa kidole maandishi madogo ya nyuma: ni mbegu ya shamba la wazi. Mmea wake una maua dume na maua jike mbalimbali, na chavua lazima ihamishwe. Neti yangu, ile niliyojivunia kwamba hata inzi mweupe hapenyi, ilikuwa imemzuia na mtu wa kazi. Akaniambia kuna chotara nyingine za ndani ya banda, zinatoa karibu maua jike matupu na zinazaa bila kuchavushwa kabisa. Ndiyo maana matango yake ukiyakata hayana mbegu za maana. Nyingi ni za ukoo wa Beit Alpha, matango mafupi yenye ngozi laini, na jina hilo ni la kibbutz moja, kijiji cha ushirika, kule Israeli. Hayo nilitakiwa kuyajua kabla ya kumlipa fundi.

Nilikuwa na miche 100 inayotoa maua na hela sina. Kwa hiyo nikawa nyuki.

Kazi yenyewe inaanza saa 12 na nusu asubuhi, maua yakishafunguka, na ikifika saa 4 umechelewa, kwa kuwa ua jike la tango hufunguka siku moja tu. Unachuma ua dume, unalivua petali zote mpaka kinabaki kile kijiti cha katikati chenye unga wa njano. Unakigusisha kwenye kitovu cha ua jike, ambacho kimegawanyika vipande vitatu, na lazima uguse vyote vitatu, polepole, unazungusha kidogo. Dume moja linatosha majike mawili au matatu. Mwanzoni nilitumia brashi ya rangi ya mwanangu, chavua nyingi ikabaki kwenye brashi. Ua lenyewe ni bora zaidi. Binti yangu wa darasa la sita alichukua tuta mbili, mimi mbili, na kila akimaliza ua anasema "bzzz" mpaka nikamwomba anyamaze kidogo.

Siku ya tatu njiti hazikudondoka. Zilianza kuinama kwa uzito.

Ule unga niliouona siku hizo ndio ulionifundisha tango kuliko semina yoyote. Nilipokuwa nasimamia mitihani, siku mbili nilifanya haraka, nagusa mara moja na kukimbia. Siku kumi baadaye nilichuma matokeo yangu: matango yaliyonenepa upande mmoja na kujikunja kama ndoana, mengine mapana kichwani na membamba kiunoni. Yaliguswa nusu, yakakua nusu. Muuza chipsi wangu aliyachukua kwa nusu bei akisema kwenye kachumbari umbo halionekani, ambayo ni kweli.

Msimu wa kwanza ulinipa kama matango 600 yanayouzika. Mkopo haukutikisika.

Msimu wa pili niliingia dukani nikasema sentensi nzima: "Naomba chotara ya ndani ya banda, inayozaa bila kuchavushwa." Muuzaji akanitazama upya, akatoa pakiti kutoka kwenye kabati la nyuma. Punje 100, shilingi 45,000. Zile za mwanzo nilizimimina kiganjani kama karanga. Hizi nilizipanda moja moja nikiwa nimezuia pumzi. Zilichomoza 96.

Shida yake ilikuwa kinyume kabisa. Kila kifundo cha shina kinatoa tango, kingine matatu, kuanzia chini kabisa. Bibi shamba alisema niondoe matango na maotea yote, yaani machipukizi ya pembeni, mpaka shina lifike usawa wa goti na zaidi kidogo, vifundo vitano au sita vya kwanza. Mtu aliyelilia matango msimu mzima umwambie ayang'oe! Niliondoa kwenye matuta matatu, la nne nikaliacha kwa roho ya tamaa. Tuta la nne likawahi kunipa matango wiki nzima kabla ya mengine, nikatamba. Kisha likasimama. Mashina yake yalibaki kimo cha kifua wakati wenzake walikuwa wamefika kwenye waya wa juu, na matango yake ya chini yalilala kwenye udongo yakapata madoa. Kufikia mwezi wa pili wa kuchuma lilikuwa limezaa nusu ya jirani zake. Daftari langu bado lina ukurasa huo, nimeuchora mstari mwekundu.

Maji nayo yalinipa aibu. Kuna wiki bomba lilikauka siku tatu, tenki langu la lita 1,000 likaisha siku ya pili. Matango hayakunyauka sana, yaliinama mchana na kuinuka jioni, nikaona salama. Juma lililofuata muuza chipsi akanipigia simu: "Mwalimu, leo umeniletea kwinini." Nilikata moja, nikaonja upande wa kikonyo: chungu hadi kwenye koo. Uchungu wa tango huongezeka mmea ukiteseka kwa kiu na joto, na hujikusanya zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Niliyarudisha yote 60 na kumrudishia hela yake. Baada ya hapo nikaongeza tenki la pili na mipira ya matone, nafungulia mara mbili kwa siku, kidogo kidogo. Maji ya kisima cha mtaani niliyajaribu mara moja tu. Yana chumvi, kingo za majani zikaungua kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa.

Ugonjwa ulionisumbua zaidi ni ubwiri vinyoya, mvua za vuli zilipoanza. Juu ya jani unaona mabaka ya njano yenye pembe, yamefungiwa na mishipa ya jani kama vyumba, na chini yake kuna vumbi la kijivu. Dawa ipo. Lebo ya niliyopewa inasema subiri siku 7 kabla ya kuchuma, na matango yanachumwa kila baada ya siku mbili. Najua wanaochuma kesho yake. Nimewaona sokoni, na sitaki kuwataja. Mimi nilichuma kila kilichofika kiganja, nikapuliza, nikafunga zipu. Yaliyokua yakapitiliza ndani ya wiki ile yaliliwa na shimo la mboji. Niliondoa pia majani yote ya chini, nikawa naingia bandani asubuhi umande ukishakauka, na sasa nikiona mawingu ya vuli napanua mianya ya pembeni kabla ya kufikiria dawa.

Msimu wa pili ulitoa matango kama 2,100. Niliuza 1,700 kwa shilingi 250 moja kwa jumla, mengine yalikuwa ya nyumbani, ya majirani na ya walimu wenzangu, ambao hawalipi. Nikitoa mbegu, mbolea, maji na dawa, nilibaki na laki 2 na elfu 60 hivi. Nisikudanganye kwamba ni utajiri. Wa tatu ulikuwa bora kidogo kwa sababu matango yalikuwa tayari kwenye mfungo wa Ramadhani, bei ikapanda yenyewe.

Mzee jirani alikuwa amechukua matango manne ya msimu wangu wa kwanza, yale niliyoyachavusha kwa mkono, akayaacha yaive mpaka yawe ya njano, akakausha mbegu juu ya bati kama desturi yake. Nilimwambia mbegu ya chotara haijirudii. Akasema atajionea. Akajionea: kati ya miche 20, mingine ilizaa marefu, mingine mafupi manene, mmoja ulizaa machungu tangu tango la kwanza mpaka la mwisho. Mwenyewe alifurahia mchezo huo kuliko mimi.

Mwaka huu nilibakiwa na miche sita ya chotara ya bandani. Kwa kuchukia kuitupa nikaipanda nje, kwenye uzio tunaochangia na mzee, ikapanda waya bega kwa bega na Ashley zake. Ilistawi. Ila matango yakawa ya ajabu, membamba mwanzoni na mwishoni yamevimba kama rungu. Nilimwita mzee nikijua atakuwa na neno. Alichuma moja, akatoa kisu mfukoni, akalipasua kwa urefu. Ndani ya ule uvimbe kulikuwa na mbegu nono, zimejipanga safu kwa safu, tango ambalo bandani halina hata moja.

"Hili," akasema, akinipa nusu, "limetembelewa na nyuki."

Tulilila pale pale na chumvi.