Papai Bichi, Nyenje na Kiingereza cha Darasa la Tano

Ndugu zangu wa Bukoba wakinipigia simu, kabla ya kuuliza afya wala mshahara, huuliza: "Huko Thailand unakula nini, mwanetu?" Leo nawajibu wote kwa pamoja, maana jibu lake limegusa hadi namna ninavyofundisha.

Nafundisha Kiingereza katika shule ya msingi ya serikali, mkoa wa Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa nchi. Ukanda huu unaitwa Isaan. Nyumbani watu wanaongea lugha iliyo karibu na Kilao kuliko Kithai cha Bangkok. Kwa hiyo mtoto anatoka kwao na lugha yake, anakutana na Kithai shuleni, kisha Kiingereza kinakuja cha tatu. Mimi nilitoka nyumbani na Kihaya, nikakuta Kiswahili, Kiingereza kikaja cha tatu vilevile. Tangu wiki za mwanzo niliona kwamba njia wanayopita naijua.

Sasa chakula. Isaan ni nchi ya wali wa kunata. Mchele unalowekwa usiku kucha, alfajiri unapikwa kwa mvuke ndani ya kikapu cha mianzi kilichochongoka chini, juu ya chungu cha maji. Ukiiva unatiwa kwenye vikapu vidogo vyenye mfuniko, kratip. Unamega kwa mkono, unafinyanga tonge, unachovya kwenye kitoweo kilichowekwa katikati kwa ajili ya wote. Aliyelelewa na ugali hapo hahitaji somo. Walimu wenzangu waliponiona nafinyanga tonge, walicheka kwa furaha na kijiko nilichowekewa kikarudi jikoni.

Sokoni jioni wanauza nyenje wa kukaanga, wamenyunyiziwa mchuzi wa soya na pilipili nyeupe. Khon Kaen ina jina katika ufugaji huu. Chuo Kikuu cha Khon Kaen ndicho kilichoanza kuwafundisha wanakijiji kuwafuga, mwishoni mwa miaka ya 1990. Wageni wengi wanapiga picha na kuondoka. Mimi nanunua. Mtoto wa Kagera aliyekaa na shangazi zake kunyonyoa mabawa ya senene mwezi wa Novemba haogopi nyenje. Kwa ladha, senene aliyekaangwa kwa mafuta yake mwenyewe bado yuko juu, lakini nyenje nao ni watamu, na hapa wanapatikana mwaka mzima.

Kuna sato pia! Mwaka 1965 Akihito, aliyekuwa mwana mrithi wa Japani, alimtumia Mfalme Bhumibol wa Thailand sato 50. Wakafugwa kwenye mabwawa ya ikulu, kisha vifaranga vikasambazwa kwa wananchi. Leo ni samaki wa kila meza. Wanamjaza mchaichai tumboni, wanampaka chumvi ya mawe mwili mzima, wanamchoma taratibu juu ya mkaa. Ngozi inabanduka na chumvi yake yote, nyama ya ndani inabaki nyeupe, yenye maji. Mama nimeshamwelekeza kwa simu.

Darasani mambo yalikuwa magumu zaidi. Unauliza swali, watoto thelathini na kitu wanatazama meza. Ukiwauliza kama wameelewa, wote wanaitikia ndiyo. Hapa kumwambia mwalimu "sijaelewa" ni kama kumwambia hakufundisha vizuri, na kukosea mbele ya wenzako ni aibu. Walikuwa wananiheshimu, basi. Tofauti niliiona wakati wa chakula cha mchana, ambacho wanafunzi wa msingi hulipiwa na serikali. Binti mmoja ambaye hakuwa ametamka neno darasani alinyoosha kidole kwenye sahani yangu: "Teacher, spicy! Very, very spicy!" Sauti kubwa, matamshi safi.

Wiki iliyofuata nikaomba kinu cha udongo na mchi wa mti kutoka jikoni. Nikawaambia darasa la tano: mimi sijui kutengeneza som tam, kachumbari ya papai bichi ya huku, nifundisheni, ila kwa Kiingereza. Wakaanza kwa kunong'ona, kisha wakawa wanagombania zamu. Kitunguu saumu kwanza, pilipili, ponda. Maharage marefu, nyanya, kamulia ndimu, tia sukari ya mnazi, tia maji ya samaki waliochachushwa, pla ra, yenye harufu inayojaza chumba. Mwisho papai bichi lililokatwa nyuzi nyuzi, ponda huku unageuza kwa kijiko. Mvulana mmoja akanizuia mkono: "No, teacher. Slowly." Kipindi kikaisha, hakuna aliyetaka kutoka.

Matamshi tunayafanyia kazi bado. Kithai humeza konsonanti ya mwisho, kwa hiyo "rice" inatoka kama "rai". Sisi wa Kiswahili tunafanya kinyume, tunabandika irabu. Nawawekesha kiganja mbele ya mdomo waisikie pumzi ya ile "s", jinsi nilivyojifunza mwenyewe.

Mwezi wa Juni, siku ya Alhamisi, hufanyika wai khru, siku ya kuwaheshimu walimu. Wanafunzi wanakuja kwa magoti na vyombo vya maua waliyopanga wenyewe. Humo kuna majani ya ukoka, kwa kuwa huenea hata yakikanyagwa, na ua la biringanya, linaloinama. Mimi nimekulia kwenye shikamoo, na bado nililia.

Ninalotaka kuwaambia walimu wenzangu mnaoniandikia ni hili. Matangazo mengi ya kazi huku yanadai mzawa wa nchi ya Kiingereza, na wakala mmoja aliwahi kunitajia mshahara wa chini waziwazi kwa sababu ya pasipoti yangu. Nilikataa. Nendeni moja kwa moja shuleni, mkiwa na shahada, cheti cha polisi na matokeo ya mtihani wa Kiingereza, na msikubali kufanya kazi kwa viza ya utalii, ni kosa kisheria. Wakiwauliza mmejifunza wapi Kiingereza, waelezeni bila kuona haya kwamba ni lugha yenu ya tatu, na mwombe kipindi kimoja cha majaribio na watoto.