Kwa Kipepeo Mdogo wa Totternhoe

Mapema mwezi wa Juni niliondoka London kwa treni ya asubuhi hadi Luton, nikapanda basi la Dunstable, kisha nikatembea kwa miguu hadi Totternhoe, kwenye machimbo ya zamani ya mawe ya chaki. Mawe ya kijiji hicho yalitumika kujenga Westminster Abbey, kanisa maarufu la London. Mimi nilimfuata Cupido minimus, kipepeo mdogo kuliko wote wa Uingereza, ambaye mabawa yake yakitandazwa hayafiki sentimita 3.

Nilipoteza karibu saa nzima kwa sababu nilikuwa nikitafuta rangi ya buluu, kwa kuwa Waingereza humwita Small Blue, yaani “buluu mdogo”. Kumbe upande wa juu ni kahawia iliyokoza, na ni dume tu aliyenyunyiziwa magamba machache ya buluu karibu na kiwiliwili. Mmoja alipotua na kufunga mabawa ndipo nilipomtambua: upande wa chini ni kijivu cheupe chenye vidoa vyeusi, bila alama hata moja ya rangi ya chungwa, ambayo jamaa yake Polyommatus icarus huwa nayo.

Baadaye jike alipinda tumbo lake juu ya maua ya manjano ya Anthyllis vulneraria, mmea wa jamii ya mikunde, akapachika yai moja kati ya vikonyo. Kiwavi wake hali mmea mwingine wowote nchini humo. Hula maua na mbegu changa, na viwavi wawili wakikutana kwenye shada moja, mmoja huweza kumla mwenzake. Ifikapo mwishoni mwa Julai hushuka ardhini na kujificha kwenye nyufa, akalala huko hadi majira ya kuchipua, ndipo anapogeuka bundo, hatua ya mwisho kabla ya kuwa kipepeo. Kiumbe huyu anayeruka kwa siku chache tu hukaa takriban miezi 9 bila kula.

Mmea wenyewe huota kwenye udongo mwembamba uliotifuliwa, na vichaka vikiufunika hutoweka. Ndiyo maana niliukuta kwa wingi kwenye sakafu ya machimbo, mahali ambapo kwa macho yangu ardhi ilikuwa imejeruhiwa, na ndiyo maana naona ni haki kabisa vichaka kukatwa humo. Hata hivyo nyasi ndefu kidogo zinahitajika pia: jua lilipoanza kushuka niliwaona vipepeo wanne wakilala pamoja kwenye mashina yake, vichwa vikielekea chini.